Safari ya Mchoro wa Shamba: Kutoka Kamba ya Mpima Hadi Kompyuta

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA
Historia na Maisha Yetu: Somo la Saba
Kwa madarasa ya kisomo ya Mbeya na Iringa

(Muziki mfupi)

Ndugu wanafunzi, natumaini mmekwisha kukaa vizuri, taa inawaka, na daftari ziko mezani. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MPAKA, MCHORO, FAILI. Leo tutayatumia mara nyingi.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya barabara kuu na jinsi ilivyobadili biashara ya mahindi. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo zaidi, lakini kimeshika maisha ya kila mmoja wetu. Kitu hicho ni mchoro wa shamba. Tutaona mchoro ulivyoanza, ulivyohama kutoka mkono hadi mkono, na jinsi siku hizi unavyohama kutoka programu moja ya kompyuta kwenda nyingine. Tena tutaona ni vitu gani huweza kupotea njiani, na kwa nini mtu anayejua kusoma ndiye mlinzi wa kwanza wa shamba lake.

1. Mpaka uliokuwa kichwani

Hapo zamani mpaka wa shamba ulikaa kichwani mwa watu. Mzee alimchukua kijana wake akamwonyesha: "Tazama, shamba letu linaanza kwenye jiwe lile, linafuata kijito, linaishia kwenye mkonge." Jirani naye alijua hivyo hivyo. Mashahidi walikuwa watu, na kumbukumbu ilikuwa maneno.

Njia hiyo ilifaa wakati watu walipokuwa wachache na ardhi ilipokuwa nyingi. Lakini jiwe huweza kusogezwa. Kijito hubadili njia mvua kubwa ikinyesha. Mkonge hufa. Na mzee, yeye naye hufa. Hapo watoto wa pande mbili husimama shambani, kila mmoja ana maneno yake, wala hakuna wa kuamua.

Sisi wa nyanda hizi tunajua kwamba mambo ya ardhi si mchezo. Huko Isimani, tarehe 25 Desemba 1971, ugomvi uliohusu shamba uliishia kwa kifo cha Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu. Habari hiyo ilishtua nchi nzima. Siitaji leo ili kuamua nani alikuwa na haki gani. Naitaja ili tukumbuke kwamba swali la "shamba hili ni la nani, na linaishia wapi?" limewahi kumwaga damu katika mkoa wetu.

2. Mchoro wa kwanza kusafiri

Baada ya Wajerumani kuiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, walitaka kuijua nchi waliyoitawala. Maofisa na wasafiri wao walipita na dira na saa. Waliandika: tumetembea saa tatu kuelekea kusini, tumevuka mto, tumeona kilima upande wa kushoto. Maandishi hayo yalipelekwa Berlin. Kule wachoraji ambao hawakuwahi kuyaona maji ya Ruaha walikaa mezani, wakayageuza yale maandishi kuwa ramani.

Ramani yao kubwa ilichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 300,000. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba sentimita moja ya karatasi ilikuwa kilomita tatu za ardhi. Pimeni kwenye rula zenu. Sentimita moja ni upana wa ukucha tu. Katika upana huo vingeingia vitongoji vizima. Kwa hiyo ramani ile ilimwonyesha mtawala njia na milima, lakini haikuweza kumwonyesha mkulima shamba lake.

Tena ilikuwa na majina ya kigeni. Mji wa Tukuyu uliandikwa Neu-Langenburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika utawala, na jina hilo likaachwa, Tukuyu likabaki. Lishikeni jambo hili tangu sasa: mchoro unapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kitu fulani hubadilika au huachwa. Mara nyingine kinachoachwa hakina maana. Mara nyingine ni jina la mtu.

3. Picha kutoka angani

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilianzisha idara ya upimaji kwa ajili ya makoloni yake. Mkurugenzi wake wa kwanza aliitwa Martin Hotine. Idara hiyo ilitumia ndege. Ndege ilipita juu ya nchi kwa mistari iliyonyooka, kamera ikapiga picha moja baada ya nyingine, na picha hizo zikaunganishwa. Wapimaji nao walipanda milima, wakajenga alama za saruji vileleni, wakapima pembe kati ya kilima na kilima.

Kwa kazi hiyo zilipatikana ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000. Hapo sentimita moja ni mita 500. Kijiji, mto, njia na kanisa au msikiti viliweza kuonekana.

Ili ramani za Afrika ya Mashariki zipatane, wapimaji walikubaliana juu ya msingi mmoja wa kuhesabia mahali. Msingi huo uliitwa Arc 1960. Mwalimu, liandike neno hilo ubaoni, maana tutalirudia. Msingi ni kama mahali pa kuanzia kuhesabu hatua. Mimi nikianza kuhesabu kwenye mlango na wewe ukianza kwenye dirisha, tutakifikia kiti kile kile, lakini namba zetu hazitakuwa sawa.

Watu wetu nao walianza kujifunza kazi hii. Mwaka 1956 ilianzishwa Dar es Salaam shule ya kufundisha upimaji ardhi. Shule hiyo ilikua, ikawa Chuo cha Ardhi, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu Ardhi. Wapimaji wengi waliofanya kazi katika nchi yetu walipita hapo.

Siku hizo mchoro ulinakiliwa kwa mkono. Mchoraji alitandika karatasi nyembamba inayopenyeza nuru juu ya mchoro wa kwanza, akafuatisha kila mstari kwa kalamu ya wino. Mkono ukitetemeka, mpaka umetetemeka. Akisahau jina, jina limepotea. Kwa hiyo palikuwa na desturi nzuri: nakala ililinganishwa na mchoro wa kwanza, na mtu wa pili aliikagua kabla haijatiwa sahihi. Desturi hiyo bado inatufaa leo, ijapokuwa mkono umeachia kompyuta kazi.

4. Sheria ya vijiji

Katikati ya miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa katika vijiji vipya. Mashamba ya zamani yaliachwa, mengine yakagawiwa upya. Miaka iliyofuata maswali yalikuwa mengi: je, shamba la babu yangu ni langu bado? Na huyu aliyelilima miaka ishirini je?

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi. Moja ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001. Sheria hiyo inatambua haki ya mkulima anayeishikilia ardhi kwa mila, na inamruhusu kupata hati iitwayo Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Tena inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kushika na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Akina mama, mstari huo uandikeni katika daftari zenu.

Basi sheria ilikuwapo. Lakini hati haiandikwi bila kujua shamba liko wapi, na kulipima kila shamba kwa vyombo vya zamani kulihitaji fedha nyingi na wapimaji wengi. Vijiji vilikuwa vingi, wapimaji wachache. Miaka ikapita.

5. Kompyuta na lugha zake

Sasa tuiache nchi yetu kidogo, twende Marekani. Mwaka 1982 kampuni iitwayo Autodesk ilitoa programu ya kuchora kwa kompyuta, jina lake AutoCAD. Programu ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta ifanye kazi fulani. Nayo faili ni nini? Faili ni kama bahasha: ndani yake kompyuta huhifadhi mchoro, barua au hesabu.

Kila kampuni ilitengeneza programu kwa namna yake, na kila programu ikaandika mafaili kwa lugha yake. Mchoro uliochorwa katika programu hii haukufunguka katika programu ile. Ilikuwa kama Mhehe wa Kalenga akutane na Mnyakyusa wa Tukuyu, kila mmoja aseme lugha ya kwao tu. Wote wana akili, wote wana la kusema, lakini hawaelewani.

Sisi tulilitatuaje jambo hilo? Tulitumia Kiswahili. Mhehe anasema Kiswahili, Mnyakyusa anasema Kiswahili, biashara inafanyika. Watu wa kompyuta nao walifanya hivyo hivyo. Pamoja na AutoCAD ilitoka lugha ya kati ya michoro iitwayo DXF. Programu ya kwanza inautoa mchoro kwa DXF. Programu ya pili inausoma kwa DXF. Baadaye, miaka ya 1990, kampuni ya ESRI ilitoa lugha nyingine kwa ajili ya ramani, nayo ikaenea sana. Inaitwa shepufaili.

Mwaka 1998 Frank Warmerdam, Mkanada, alianza kuandika chombo kiitwacho GDAL. Kazi ya chombo hicho ni ukalimani: kinasoma ramani kwa lugha nyingi na kuiandika upya kwa lugha nyingine. Mwaka 2002 Gary Sherman, mtu wa Alaska, alianzisha programu ya ramani iitwayo QGIS, ambayo hutolewa bure kwa kila mtu. Ofisi isiyo na fedha nyingi nayo ikaweza kuchora ramani na kuzigeuza.

Lakini mnajua tabia ya ukalimani. Mkalimani mzuri hufikisha maana, na hata yeye kuna neno linalomponyoka. Kihehe kina maneno ambayo Kiswahili hakina. Ndivyo ilivyo kwa michoro pia.

6. Simu yafika Ilalasimba

Mnamo Mei 2000 Serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake za kuonyesha mahali. Kabla ya hapo chombo cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Baada ya hapo kosa likawa mita chache. Miaka michache baadaye chombo hicho kikaingia ndani ya simu.

Kuanzia mwaka 2014 kazi ya majaribio ilifanyika katika Wilaya ya Iringa, kwa fedha za Shirika la Misaada la Marekani, lile lililofungwa mwaka 2025. Kijiji cha Ilalasimba kilikuwa cha kwanza, kisha Itagutwa na Kitayawa. Programu ya simu iliyotumika iliitwa MAST. Baadaye kazi ikapanuliwa kwa vijiji vingine vya Iringa na vya Wilaya ya Mbeya, hadi mwaka 2021, na makumi ya maelfu ya vipande vya ardhi yakachorwa.

Kazi ilifanyikaje? Sikilizeni hatua zake.

Kwanza, mkutano wa kijiji: watu walielezwa sheria na haki zao, wanawake na wanaume.

Pili, vijana wa kijiji hicho hicho walifundishwa kutumia simu. Hawakuwa wageni, walikuwa watoto wa pale.

Tatu, mwenye shamba, majirani zake na wajumbe wa kamati walikwenda shambani. Walitembea mpakani pamoja, na kijana akaweka alama katika simu, akitazama pia picha iliyopigwa na setilaiti. Jina, picha ya mwenye shamba na maelezo yake yakaandikwa humo.

Nne, habari hizo zilitoka katika simu zikaenda kwenye ghala la kompyuta, na maofisa wa ardhi wakazikagua.

Tano, ramani na orodha ya majina vilirudishwa kijijini, watu wakaviangalia na kusema kama kuna kosa.

Sita, hati ilichapishwa, ikatiwa sahihi na mwenye shamba na viongozi wa kijiji, ikaandikishwa wilayani.

Hesabuni sasa. Mchoro mmoja wa shamba umetoka simu, umeingia ghala, umetoka ghala, umeingia programu ya ramani, umetoka humo, umeingia karatasi. Kila mlango ni mahali pa kugeuzwa lugha. Na kila mlango ni mahali ambapo kitu chaweza kuanguka.

7. Vitu vinne vinavyoanguka njiani

Kitu cha kwanza ni MAHALI. Mnakumbuka Arc 1960? Setilaiti hazitumii msingi huo. Hutumia mwingine, uitwao WGS 84. Mtu akichukua namba za ramani ya zamani akaziingiza katika programu bila kuieleza kwamba zinahesabiwa kwa Arc 1960, katika nchi yetu shamba litasogea karibu mita 300 kaskazini au kusini. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyehamisha jiwe. Lakini katika karatasi shamba lako limekuwa la mtu wa tatu kutoka kwako.

Iko hatari nyingine ya namna hiyo. Wapimaji wameigawa dunia katika kanda. Mstari wa nyuzi 36 mashariki hupita katika Mkoa wa Iringa. Mbeya yote na Iringa mjini ziko kanda ya 36; Ruaha Mbuyuni iko kanda ya 37. Ukiiambia kompyuta kwamba shamba la Ruaha Mbuyuni liko kanda ya 36, italipeleka magharibi zaidi ya kilomita 600, mpaka karibu na Ziwa Tanganyika. Kosa hili kubwa lina wema wake: kila mtu huliona. Lile la mita 300 ndilo linalojificha.

Kitu cha pili ni KIPIMO. Lugha ya DXF ilipoanza haikusema kama namba ni mita au futi. Namba 100 ilikuwa 100 tu. Tuchukue shamba la mraba, kila upande mita 100. Hilo ni hekta moja, karibu ekari mbili na nusu. Programu ikizisoma zile 100 kama futi, shamba litakuwa chini ya robo ekari. Umbo ni lile lile, pembe ni zile zile, na kwenye karatasi mchoro unapendeza. Ila ukubwa umekwenda.

Kitu cha tatu ni NDUGU WA FAILI. Shepufaili si faili moja. Ni mafaili matatu au zaidi yenye jina moja. La kwanza linashika mistari ya mpaka, la pili linashika orodha ya kuitafuta mistari hiyo, la tatu linashika majina na maelezo. Mara nyingi huwapo la nne, linalosema msingi wa mahali ni upi. Ni kama jiko la mafiga matatu. Mtu akituma moja akaacha mengine, chungu hakikai. Na likiachwa lile la nne, ramani itafunguka vizuri, lakini kompyuta itabahatisha shamba liko wapi.

Kuna watu ambao, badala ya mafaili hayo, hutuma picha ya ramani tu. Picha ni nzuri kutazama. Lakini picha ya ugali haishibishi. Kompyuta inayopokea picha inaona rangi. Haijui kwamba mstari huu ni mpaka na neno hili ni jina. Hapana budi mtu akae afuatishe kila mstari upya, kama yule mchoraji wa karatasi nyembamba.

Kitu cha nne ni JINA. Hapa nataka kuwaeleza jambo nililoliona mwenyewe.

8. Mama aliyetafuta jina lake

Nilikuwa katika kijiji kimoja, sitakitaja, na ofisi iliyoandaa orodha sitaitaja pia. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani pamoja na orodha ya wenye mashamba. Watu walisongamana. Wengi walitazama ramani, wakaona mashamba yako mahali pake, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaondoka.

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo hakuondoka. Alikuwa amesoma miezi minane. Aliweka kidole juu ya orodha akasoma polepole, silabi kwa silabi. Alilipata jina la mumewe. Akasoma mbele, akarudi nyuma. Kisha akanigeukia akasema, "Mwalimu, sisi tulisema majina mawili. Mimi na baba watoto. Langu silioni."

Mtu mmoja akamwambia, "Mama, hiyo ni kompyuta, haikosei."

Akajibu, "Labda haikosei. Lakini mimi najua kusoma jina langu, na hapa halipo."

Kijana wa ofisi alikuwa mwungwana. Alifungua kompyuta, akatazama faili la kwanza lililotoka katika simu. Jina la mama lilikuwamo. Basi lilipotelea wapi? Tulitafuta mpaka tukaona.

Katika faili la kwanza kulikuwa na safu mbili za majina. Moja iliitwa "Mmiliki wa kwanza" na nyingine "Mmiliki wa pili". Mchoro ulipogeuzwa kuwa shepufaili, vichwa vya safu vilikatwa, kwa sababu lugha hiyo hairuhusu kichwa cha safu kupita herufi kumi. Mwalimu, andika ubaoni "Mmiliki wa kwanza" na chini yake "Mmiliki wa pili". Wanafunzi, hesabuni herufi kumi, pamoja na nafasi iliyo kati ya maneno. Mmepata nini? Juu mmepata "Mmiliki wa". Chini mmepata "Mmiliki wa". Sawasawa kabisa!

Kompyuta ilipoona vichwa viwili vinafanana, ilikibadili kile cha pili kwa kukitia namba. Mtu aliyeandaa orodha akachukua safu moja tu, akidhani ile nyingine ni marudio. Na katika safu ya pili ndimo walimokuwa wake wengi wa kijiji kile.

Hakuna aliyetaka kuwadhulumu. Hata hivyo, kama hati zingechapishwa na kutiwa sahihi hivyo, akina mama wale wangekosa majina yao katika hati za mashamba waliyolima maisha yao yote. Mume akifa, ndugu wakija, mama angeonyesha nini? Kwa herufi chache zilizokatwa, angekuwa mgeni nyumbani kwake.

Orodha ilirekebishwa, ikabandikwa tena. Mara ya pili akina mama hawakuondoka mapema. Wasiojua kusoma walimwomba yule mwenzao awasomee, naye alisimama pale mpaka jua likashuka.

9. La kufanya

Ndugu wanafunzi, hamhitaji kuwa mafundi wa kompyuta ili mlinde mashamba yenu. Mhitaji mambo haya matano.

Moja: mpaka upitiwe kwa miguu, pamoja na majirani. Simu haijui mpaka. Anayeujua ni wewe na jirani yako.

Mbili: ramani na orodha vikibandikwa, nendeni mkasome. Someni majina yote, someni herufi kwa herufi. Msiridhike na umbo la shamba tu.

Tatu: tazameni ukubwa ulioandikwa. Ukijua shamba lako ni kama ekari tatu na karatasi inasema nusu ekari, uliza.

Nne: ulizeni swali hili: "Je, nakala hii imelinganishwa na ile ya kwanza iliyotoka shambani?" Ni swali la heshima, wala hakuna ofisa mwema atakayelichukia.

Tano: mkiona kosa, semeni kabla ya sahihi. Kabla ya sahihi kosa husahihishwa kwa dakika chache. Baada ya sahihi huweza kuhitaji baraza na miezi mingi.

Na ninyi vijana mnaofanya kazi hizi za kompyuta, kama mnanisikiliza, tunzeni faili la kwanza. Geuzeni nakala, lakini lile la kwanza lisiguswe. Bila faili la kwanza la kijiji kile, jina la mama yule lisingepatikana tena.

10. Muhtasari

Tumejifunza kwamba mpaka ulikaa kwanza katika kumbukumbu za watu, kisha katika ramani za Wajerumani, kisha katika picha za ndege na karatasi za wapimaji, na sasa katika kompyuta. Tumeona kwamba kila mara mchoro unapohama, kitu fulani huweza kubadilika: mahali, kipimo, ndugu wa faili, au jina. Na tumeona kwamba katika safari hiyo yote mkaguzi wa mwisho ni mwenye shamba mwenyewe, akijua kusoma.

Maneno ya kujifunza:
Faili: bahasha ya kompyuta inayohifadhi mchoro au maandishi.
Programu: maagizo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi fulani.
Kipimo cha ramani: uhusiano kati ya urefu wa karatasi na urefu wa ardhi.
Msingi wa mahali: pa kuanzia kuhesabu ili kujua kitu kiko wapi.
Safu: mstari wa maneno au namba unaokwenda chini katika orodha.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Katika ramani ya 1 kwa 50,000, sentimita 4 ni umbali gani wa ardhi?
2. Kwa nini kosa la mita 300 ni la hatari kuliko kosa la kilomita 600?
3. Andika jina lako kamili, kisha ukate baada ya herufi kumi. Je, kuna mwenzako ambaye jina lake sasa linafanana na lako?
4. Katika kijiji chenu, mpaka wa shamba huonyeshwa kwa nini: jiwe, mti, mfereji, au kitu kingine? Nani mwingine anaujua mpaka wako?

Kazi ya nyumbani: chora shamba lako kwa kalamu ya risasi. Andika majina ya majirani wa pande zote. Kisha mpe jirani yako autazame mchoro, mkubaliane. Leteni michoro hiyo darasani juma lijalo.

Somo lijalo litahusu maji: nani aliichimba mifereji ya Usangu, na maji yake yanakwenda wapi. Zimeni redio, anzeni mazungumzo.

(Muziki)